Miaka Mia Moja ya Kuvuta Risasi

Kama ulizaliwa Kenya kabla ya 2006 na ukakulia karibu na barabara, umevuta risasi. Sio ile ya bunduki. Namaanisha risasi yenyewe, ile metali nzito ya kijivu ambayo kile kitu kinachotoka kwenye mtutu kiliazima jina lake. Ilikuwa ndani ya petroli. Iliwekwa makusudi, kwa kipimo, ikatoka kwenye bomba la moshi ikiwa vumbi laini lisiloonekana, na kila mtu aliyesimama steji akingoja matatu akaivuta.

Mimi ni wa 2003. Kwa hivyo miaka yangu ya kwanza, nikiwa mgongoni mwa mamangu kando ya Jogoo Road, nilikuwa kwenye hiyo hewa. Siwezi kukuonyesha imenifanya nini, na hiyo ndiyo tabia ya hii sumu. Mwili unaichukua risasi ukidhani ni kalisiamu, unaiweka kwenye mifupa, na kwa mtoto inaenda hadi kwenye ubongo ambao bado unajengwa. Haikuachii kovu. Inakupunguzia tu kitu ambacho hujawahi kujua ulikuwa nacho. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini ambacho kimejulikana kuwa salama. Hata kidogo.

Sasa, watu wakiongea kuhusu hewa chafu siku hizi wanaongea kama vile ni kiangazi, kitu kimejiletea tu. Wanakuambia panda mti, vaa maski, funga dirisha. Sina ubaya na miti. Lakini nataka kuwapa historia ya sumu hii moja, kwa sababu kwa hii tunajua kila kitu: iliingiaje hewani, nani aliiweka, nani alijua, na ilitolewaje. Niliacha chuo mwaka wa pili, na hii hakuna mahali niliifundishwa, wala sekondari, ingawa tulikariri jedwali lote la elementi.

Stori inaanza na kelele. Mjomba wangu ni makanika, na ukimuuliza kuhusu "injini kugonga" atakupa somo la saa nzima. Kwa kifupi, petroli inatakiwa iwake pale plagi inapotoa cheche, na moto usambae polepole ndani ya silinda. Petroli mbaya haingoji. Sehemu yake inawaka yenyewe kabla moto wa plagi kuifikia, unasikia ka-ka-ka, na injini inaumia. Miaka ya 1920 hilo lilikuwa tatizo kubwa la watengenezaji magari wa Marekani. Walitaka injini zenye nguvu zaidi na petroli yao haikuziweza.

Tarehe 9 Desemba 1921, mjini Dayton, jimbo la Ohio, mhandisi wa General Motors aliyeitwa Thomas Midgley alitia kemikali moja kidogo kwenye petroli na kelele ikanyamaza kabisa. Ilikuwa tetraethili ya risasi. Wanakemia waliijua tangu karne ya 19, na walijua ni sumu kali. Tena kulikuwa na njia nyingine! Pombe, yaani ethanoli, inazuia kugonga pia, na Midgley na wenzake walikuwa wameijaribu na kuisifu. Shida ya pombe ni kwamba mkulima yeyote anaweza kuipika. Nani atakupa hataza ya chang'aa? Ile ya risasi unaweza kuisajili iwe mali yako, kisha ukatoza senti kadhaa juu ya kila galoni itakayouzwa duniani.

Februari 1923 kituo kimoja cha petroli hapo Dayton kikawa cha kwanza kuiuza. Jina la biashara lilikuwa Ethyl. Jina tamu, kama la msichana wa kwaya. Neno risasi hawakulitaja.

Hapa ndipo huwa nakasirika. Mwaka huohuo wa 1923 Midgley mwenyewe alikuwa mgonjwa wa risasi na ilibidi apumzike kazi, akaenda Florida kutafuta hewa safi. Oktoba 1924, kwenye kiwanda cha Standard Oil huko Bayway, New Jersey, wafanyakazi waliokuwa wakitengeneza hiyo kemikali walianza kuona vitu visivyokuwepo. Wengine ilibidi wafungwe mikono kwa yale majaketi ya wagonjwa wa akili. Watano walikufa, na zaidi ya 30 wakalazwa. Wenzao walikuwa tayari wanaiita jengo la wazimu hiyo nyumba waliyofanyia kazi. Siku chache baadaye Midgley aliita waandishi wa habari, akajimwagia ile kemikali mikononi, akainusa kwa karibu dakika nzima, na kuwaambia angeweza kufanya hivyo kila siku bila kudhurika. Huyo ni mtu aliyekuwa ametoka kuugua kutokana nayo.

New York, Philadelphia na jimbo la New Jersey waliipiga marufuku kwa muda. Mei 1925 serikali ya Marekani iliita mkutano Washington. Alikuwepo Alice Hamilton, daktari wa magonjwa ya kazini na mwanamke wa kwanza kuwa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Harvard, akawaambia watu wa viwanda peupe kwamba palipo na risasi, mapema au baadaye mtu hudhurika na sumu yake. Alikuwepo pia Yandell Henderson wa Yale, aliyetabiri kwamba sumu ingekuja polepole sana, hivi kwamba kabla watu hawajashtuka petroli hiyo itakuwa imeenea kila mahali. Upande wa pili ofisa wa kampuni ya Ethyl aliieleza kemikali yao kama zawadi kutoka kwa Mungu. Kamati ikaundwa, ikapima madereva na wafanyakazi wa gereji wasiozidi 300 kwa miezi michache, na Januari 1926 ikasema haioni sababu ya kutosha ya kuizuia. Ilishauri uchunguzi uendelee kwa pesa za serikali. Haukuendelea. Uchunguzi wote, kwa karibu miaka 40, ukabaki mikononi mwa daktari mmoja, Robert Kehoe, aliyelipwa na hao hao wenye kampuni.

Huyu Kehoe ana kipaji, lazima nikubali. Hoja yake ilikuwa: risasi ni kitu cha kawaida mwilini, binadamu wote wanayo, na kama unasema inadhuru, leta ushahidi. Ili kuthibitisha ukawaida huo alienda kupima wakulima wa vijijini Mexico, mbali na magari, akakuta nao wana risasi. Kumbe walikuwa wakilia kwenye vyungu vilivyopakwa rangi ya kung'aa yenye risasi. Lakini angalia ule mtego: anayeuza sumu hahitaji kuthibitisha ni salama, ni wewe unayeivuta unayetakiwa kuthibitisha inakuua. Na vifaa vya kupimia anavyo yeye.

Aliyevunja huo mtego hata hakuwa anatafuta sumu. Clair Patterson alikuwa anatafuta umri wa dunia. Njia yake ilikuwa kupima risasi ndani ya vimondo, kwa sababu urani hugeuka kuwa risasi kwa kasi inayojulikana, na hesabu hiyo ni kama saa. Lakini kila akipima, namba zilikataa. Kulikuwa na risasi ya ziada kila mahali: kwenye vumbi, kwenye maji ya maabara, kwenye nywele zake mwenyewe. Ilimchukua miaka kusafisha chumba, kuchemsha vyombo kwa asidi, kuvisha watu mavazi ya kuzuia vumbi, hadi akapata jibu ambalo mpaka leo ndilo linalotumika: dunia ina umri wa takriban miaka bilioni 4.55. Hapo mtu mwingine angestarehe na sifa zake. Yeye akauliza: hii risasi yote imetoka wapi?

Akaenda kupima bahari, akakuta maji ya juu yana risasi nyingi kuliko ya chini, maana yake ilikuwa inaanguka kutoka hewani, na hivi karibuni. Akapima barafu ya Greenland, ambako theluji ya kila mwaka hujilaza juu ya ya mwaka uliotangulia kama kurasa za daftari. Kurasa za zamani zilikuwa karibu safi. Kadiri anavyopanda kuelekea kwetu, risasi inapanda, na baada ya 1940 inaruka. Mwaka 1965 alichapisha kwamba kile ambacho Kehoe alikiita cha kawaida hakikuwa cha asili hata kidogo, ni kwamba tu kila mtu alikuwa ameshachafuliwa, hakubaki msafi wa kulinganishwa naye. Alichopata ni kunyimwa pesa za utafiti na kampuni za mafuta. Mwaka 1971 jopo la kitaifa la kuchunguza risasi hewani lilipoundwa, yeye aliyejua zaidi ya wote hakuitwa.

Mwaka 1979 daktari wa watoto, Herbert Needleman, alitumia meno ya utotoni yaliyong'oka ya watoto wa shule Massachusetts. Waliokuwa na risasi nyingi kwenye jino walikuwa na alama za chini za akili na walishindwa kutulia darasani. Fikiria ni watoto wangapi waliitwa wajinga, hapo na hapa kwetu.

Na enyewe, unajua kilichoanza kuiondoa risasi Marekani? Sio watoto. Kuanzia 1975 magari mapya yaliwekewa kichujio cha katalitiki kwenye bomba la moshi ili kupunguza gesi nyingine, na risasi iliharibu hicho kichujio. Mashine ikasikizwa kabla ya mtoto. Lakini petroli ilipobadilika, damu ya watu ikabadilika nayo, mwaka kwa mwaka, mistari miwili ikishuka pamoja kwenye grafu kama watu wameshikana mikono. Mwaka 1996 Marekani ikaizima kabisa kwa magari ya barabarani.

1996. Hapa kwetu tulikuwa bado tunajaza.

Hii sehemu huwa hawaisemi vya kutosha. Nchi tajiri zilipokuwa zinafunga mlango, zaidi ya nchi 100 zilibaki sokoni, nyingi zikiwa Afrika, Asia na Mashariki ya Kati. Visingizio tulipewa: magari yenu ni mazee, valvu zitakufa bila risasi, viwanda vyenu vya kusafishia mafuta ni vya kizamani na kuvibadilisha ni ghali. Na mahali kisingizio hakikutosha, pesa ilipita chini ya meza. Mwaka 2010 Innospec, kampuni iliyokuwa inatengeneza kemikali hiyo Uingereza, ilikiri mahakamani kwamba iliwahonga maofisa wa Iraq na Indonesia ili waendelee kuinunua. Yaani mtu alilipwa ili watoto wa nchi yake waendelee kuvuta.

Kilichogeuza mambo Afrika ni mkutano. Najua, mikutano inachosha, na sisi Wakenya tumeiona mingi ikiisha kwa chai na mandazi. Lakini Juni 2001, Dakar, Senegal, nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana kuiondoa, zikaweka tarehe. Mwaka uliofuata, kwenye mkutano mkuu wa Johannesburg, ushirika wa mafuta safi ukaanzishwa na kusimamiwa kutoka UNEP, hapa Gigiri. Valvu zikapimwa, kisingizio kikaanguka. Kufikia Januari 2006 Afrika yote kusini mwa Sahara ilikuwa imeacha kuagiza na kutengeneza petroli ya risasi, Kenya ikiwemo. Nchi ya mwisho duniani ilikuwa Algeria, Julai 2021. UNEP inakadiria hatua hiyo inazuia vifo vya mapema zaidi ya milioni 1.2 kila mwaka.

Kumbuka hakuna aliyekuja kwako 2006 kukuambia uvae maski kwa sababu ya risasi. Hukuambiwa uchague kituo kizuri. Uliamka siku moja sumu haikuwa kwenye pampu tena, maskini na tajiri kwa siku moja. Nikiwaambia ni kwa nini sipendi kampeni za "hewa safi inaanza na wewe", ndiyo hii.

Lakini risasi haikuondoka Kenya. Iliacha tangi ikabaki kwenye betri. Karibu kila gari lina betri ya risasi na asidi, na betri ikifa kuna mtu anainunua. Mwaka 2007, ukingoni mwa kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, kilifunguliwa kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu ili kutoa risasi ya kuuza nje. Ukuta mmoja tu, nyumba za watu upande wa pili, na moshi ukipita juu. Takriban watu 3,000 waliishi hapo. Wakazi walilalamika kuhusu vikohozi, macho kuwasha, mimba kutoka. Mwaka 2009 mama mmoja aliyeajiriwa pale, Phyllis Omido, aliona mtoto wake mdogo anaugua bila jibu, hadi vipimo vya damu vikaonyesha risasi. Akaacha kazi, akaanza kupimisha watoto wa majirani, akaandika barua, akaandamana. Alikamatwa 2012 na kushtakiwa, kisha akaachiliwa. Kiwanda kikafungwa 2014. Mwaka 2015 akapewa tuzo ya Goldman, ambayo ni kubwa sana duniani kwa watetezi wa mazingira.

Sasa sikia hesabu ya mahakama. Kesi ilifunguliwa 2016. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliwapa wakazi shilingi bilioni 1.3, na kuamuru eneo lisafishwe la sivyo zilipwe milioni 700 nyingine. Mamlaka za serikali zilizotakiwa kulinda watu, NEMA ikiwemo, zilipatikana na makosa pamoja na wenye kiwanda. Rufaa ikakatwa. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikaiondoa ile fidia. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Mtoto aliyezaliwa kiwanda kikifunguliwa alikuwa na miaka 17 siku hiyo.

Weka hizo stori mbili kando kwa kando. Petroli: nchi zilikaa chini, zikaweka tarehe, na ndani ya miaka mitano sumu ikatoka kwenye pampu. Owino Uhuru: hakuna aliyezuia mlangoni, leseni zikatoka, halafu mama mmoja na majirani zake wakaambiwa, kama Kehoe alivyosema, leteni ushahidi. Ushahidi wenyewe ulikuwa damu ya watoto wao.

Katiba ya 2010, kifungu cha 42, inakupa haki ya mazingira safi. Kanuni za ubora wa hewa tunazo tangu 2014. Mafuta tumeyaboresha tena: Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zilishuka hadi dizeli yenye salfa sehemu 50 tu kwa kila milioni. Bado lori linapanda mlima pale Rironi likitapika moshi mweusi, kwa sababu mafuta safi ndani ya injini iliyochoka hayafiki mbali, na hakuna anayeisimamisha. Na kile kichujio cha katalitiki, kile kilichosababisha risasi ifukuzwe? Mjomba anasema wateja wanauliza bei ya kukikata, maana ndani kuna platini na kuna wanunuzi. Gari linakuja kutoka Japani likiwa nacho, linatembea Nairobi bila. Hilo lingeweza kubadilishwa kwa agizo la karatasi moja.

Na risasi yenyewe? Ndege ndogo za injini ya pistoni bado zinatumia mafuta yenye risasi karibu dunia nzima, na aina hiyo iko Wilson, jirani na Kibera na Lang'ata. Marekani imejipa hadi mwisho wa 2030 kuachana nayo. Sisi hatujasikia tarehe yetu, na mimi ningependa bunge liulizwe.

Kuna na hawa wa mtaani wanaoyeyusha betri kwa sufuria nyuma ya nyumba, kutengeneza uzito wa nyavu za kuvulia au kuuza tu kwa kilo. Simchukii huyo kijana, anatafuta unga. Lakini watoto wanaocheza hapo wanabeba vumbi hilo kwenye vidole hadi mdomoni, na mlio karibu nao mnajua ni nyumba gani. Kama ni kwenu, ongeeni na mwenye hiyo kazi kwanza, ahamishe moto mbali na makazi. Akikataa, nendeni kwa chifu mkiwa wengi, na mwandike barua kwa ofisi ya NEMA ya kaunti, mbaki na nakala iliyopigwa muhuri. Mtoto anayeumwa tumbo kila mara, amepungukiwa damu au ameanza kusahau alichokijua, mwambieni daktari wazi kwamba anaishi karibu na betri na muombe apimwe risasi kwenye damu. Bila kuambiwa, daktari hatafikiria kukipima hicho.